Reynolds 525 kwa mtu mfupi: nimejenga fremu yangu mwenyewe hapa Mwanza

Habarini jamani. Leo naandika kuhusu paipu, ndiyo, paipu tupu za kujengea fremu ya baiskeli, seti ya Reynolds 525 ambayo shemeji yangu alinibebea kwenye sanduku akitoka Birmingham, na fremu nimeijenga hapahapa Mwanza kwa mikono yangu na ya mzee mmoja fundi gesi wa Nyakato. Nimeshaiendesha miezi minne, Kisesa nimeenda na kurudi sijui mara ngapi, Magu nimefika mara moja, kila Jumamosi inabeba mzigo wa sokoni, kwa hiyo sasa naona naweza kusema kitu cha uhakika. Kwa wenye haraka: paipu ni nzuri mno, ukitaka kujaribu fremu ya kwanza chukua hizihizi wala usihangaike na zile za bei kubwa zaidi, ila kama wewe ni mfupi kama mimi usinunue lagi (vile vipande vya chuma vya kuungia paipu) kabla hujachora, nitaeleza kwa nini.

Mimi nina sentimita 152. Mguu kwa ndani, kuanzia sakafuni mpaka juu kabisa, ni 70. Watu warefu hii adha hawaijui. Baiskeli zinazouzwa huku kanda ya ziwa nyingi ni zile Phoenix na ndugu zake za magurudumu ya inchi 28, fremu imesimama juu, ukitaka kushuka inabidi uinamishe baiskeli nzima pembeni kama unaangusha ng'ombe, ndiyo maana utotoni wengi tuliendesha kwa kupitisha mguu chini ya paipu ya juu, kiti tunakiona tu. Ukubwani nikanunua mtumba za watoto, kiti kimepandishwa mpaka mwisho, mgongo umekunjamana, magoti yanagonga handeli. Halafu nikapata moja ya mbio iliyoandikwa saizi ndogo, nikafurahi, kumbe ndogo yenyewe wamefupisha paipu ya kiti tu, magurudumu makubwa yaleyale, nikikata kona polepole ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele. Nilianguka Igoma mbele ya daladala kwa sababu hiyo na tangu siku ile nikaanza kuwaza kujenga ya kwangu. Sio kwa sababu ya urembo wala uzito. Nilitaka baiskeli inayonitosha, basi.

Sasa hizi paipu zenyewe. Ukizishika mkononi mara ya kwanza utashangaa zilivyo nyepesi, na ukizigonga zinalia kama kengele, tofauti kabisa na paipu za kutengenezea vitanda. Siri yake ni kwamba nje ziko sawa lakini ndani unene hauko sawa, kwenye ncha zimenona na katikati zimekonda. Yangu ya chini ni milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati, ya juu ni 0.8 na 0.5. Milimita nusu! Ganda la yai linakaribia. Kwenye ncha ndiko moto unapopita na ndiko nguvu zinapokutana, kwa hiyo pale chuma kinahitajika, katikati hakihitajiki sana. Hiyo akili ni ya zamani, Reynolds walikuwa watu wa misumari pale Birmingham tangu 1841, na mwaka 1897 Alfred Reynolds akapata hataza ya hizi paipu zenye ncha nene, halafu 1935 wakatoa ile 531 ambayo wazee wa baiskeli wa Ulaya wanaitaja kama sisi tunavyotaja Land Rover za zamani. 525 sio 531, hii ni chuma chenye kromu na molibdenamu, ndiyo ya kawaida katika familia yao ya sasa, na mimi nasema kwa anayeanza ukawaida wake ndio uzuri wake.

Kwa nini nasema hivyo. Wana 725 ambayo imepikwa kwa moto kiwandani ili iwe ngumu zaidi, na wana 853 ambayo inazidi kukomaa yenyewe ikipoa hewani baada ya kuchomelewa. Zote hizo zinaweza kutengenezwa nyembamba zaidi kwa sababu ni ngumu zaidi, lakini wembamba kwa mtu anayejifunza ni hatari, ukikaa na moto sehemu moja sekunde chache zaidi umeshaharibu, na ukimaliza fremu ukakuta imepinda kidogo, chuma kigumu hakikubali kunyooshwa kwa mkono kirahisi. 525 inakubali. Yangu ilitoka imepinda milimita 3 nyuma na tuliinyoosha bila kelele. Kwa hiyo hela ambayo ungeongeza kununua 853 weka kwenye silva, yaani vijiti vya fedha vya kuungia, kwenye tupa nzuri, na kwenye paipu za kufanyia mazoezi.

Sasa lagi. Kwa wasiojua, lagi ni ile shingo ya chuma inayovalishwa pale paipu zinapokutana. Nenda kashike Phoenix ya babu yako, angalia pale mbele chini ya handeli, ile kama soksi ya chuma yenye ncha ndiyo lagi, paipu imeingizwa ndani na madini yaliyoyeyushwa yakanyonywa katikati. Zinapendeza sana na mimi nilizipenda kwenye picha nikaagiza seti nzima pamoja na paipu, bila kuchora. Hapo ndipo nilipokosea. Lagi zinakuja na nyuzi zake za pembe tayari, zangu ni za nyuzi 73 na paipu ya juu iliyolala sawa na ardhi, unaweza kulazimisha uzi mmoja, labda na kidogo, basi. Kwa mtu wa mita moja na sabini na kitu hakuna shida. Lakini kwa mtu wa 152, ukilaza paipu ya juu sawa na ardhi, shingo ya mbele inakuwa fupi mpaka lagi ya juu na ya chini zinagongana, hakuna nafasi. Nilichora mara sita nikidhani nimekosea hesabu. Sikuwa nimekosea, umbo langu halikuwemo kwenye zile lagi. Kuna lagi zilizotengenezwa kwa ajili ya paipu ya juu inayoteremka kwenda nyuma, lakini nazo zina nyuzi zake, na aliyeniuzia hakuniuliza hata swali moja kuhusu urefu wangu. Muuzaji anayeuza vitu vya kujengea baiskeli ya vipimo vya mtu anatakiwa aulize, hilo nalisema kwa uchungu kabisa.

Nililala na mawazo siku kadhaa, halafu jibu likatoka mahali ambapo sikutarajia. Nilienda kwa yule mzee wa Nyakato kumuuliza kama anaweza kunisaidia kuchomelea kwa silva, nikamwonyesha mchoro na zile lagi, akaziangalia, akazirudisha, akaniambia, "Binti, hizi za nini? Sisi tunajaza shaba." Na kweli, yeye miaka yote anaunga fremu za waendesha baiskeli za mizigo zilizokatika bila lagi yoyote, anakata paipu moja imkumbatie mwenzake, anapasha, anajaza shaba pembeni mpaka inafanya kona laini kama udongo uliopakwa kidole. Kumbe mafundi wakubwa wa Uingereza nao wanajenga hivyohivyo fremu za bei kali, wanazipiga tupa na msasa mpaka huoni paipu moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Shaba haina nyuzi za kiwandani. Unachora unavyotaka. Kwa mtu mfupi, au mrefu kupita kiasi, hiyo ndiyo njia.

Nikarudi kuchora upya. Niliweka ubao wa plaiwudi sakafuni, nikachora fremu nzima kwa ukubwa wake halisi, kwa penseli na uzi, na naomba yeyote atakayejaribu afanye hivi hata kama ana programu ya kompyuta, kwa sababu ukubwa halisi unakuonyesha kitu kabla hujakata. Nilichagua magurudumu ya inchi 26, yale ya mauntenibaiki, rimu ya kipenyo cha milimita 559. Sababu ya kwanza ni ule mguu kugusa tairi, gurudumu dogo linaondoka njiani. Sababu ya pili tairi na tyubu zake zipo kila kona kuanzia Mwanza mpaka Sengerema, sitaki baiskeli ambayo ikipata pancha Usagara natakiwa nimpigie simu shemeji. Shingo ya mbele nyuzi 71, paipu ya kiti nyuzi 74, urefu wa paipu ya kiti sentimita 42, umbali kutoka kwenye kiti kwenda mbele ukipimwa kwa kulala ni 50, ekseli ya pedeli iko milimita 45 chini ya mstari wa ekseli za magurudumu. Nyuma nimeacha nafasi ya milimita 135 kwa sababu haabu (vitovu vya magurudumu) za mtumba za mauntenibaiki ni hizo. Foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, sikujenga, nilinunua ya mtumba ya chuma, nzima, nikaipima na kujenga fremu kuifuata. Foki ikikatika unaangukia uso, hiyo sio kazi ya mtu anayejifunza.

Kitu kimoja ambacho sikukiona kikielezwa vizuri na wauzaji, na kwetu wafupi ni muhimu sana: hizi paipu zinakuja ndefu, na zile ncha nene zina urefu wake. Ukikata paipu ya mtu mrefu iwe ya mtu mfupi, unakata ile sehemu nene! Ukikata ovyo upande mmoja tu unaweza kujikuta unachomelea kwenye 0.5, na hapo shaba kwa joto lake itapitiliza. Reynolds wanatoa jedwali la kila paipu, ncha hii nene ina urefu gani na ile ina urefu gani, sio sawa pande zote, kwa hiyo nilikaa na rula na kalamu ya alama nikachora kwenye kila paipu nene inaishia wapi, ndipo nikaamua nikate upande upi kiasi gani. Kwenye paipu ya juu nimebakiwa na nene ya kutosha pande zote mbili lakini kwa sentimita chache. Ukiwa mfupi kuliko mimi, chagua paipu zenye ncha ndefu tangu wakati wa kuagiza.

Kukata ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Mafundi wanaita mdomo wa samaki, ule mkato wa ncha ya paipu ili ikae vizuri juu ya paipu ya mduara. Nilizungushia karatasi yenye mchoro wa mkato, nikakata kwa msumeno wa chuma, kisha tupa. Sio grenda! Grenda kwenye chuma cha milimita 0.8 ni sekunde moja tu unajuta. Tupa ya nusu duara, polepole, unapima, unaweka kwenye mwanga, ukiona mwanga unapenya unarudi tena. Mdomo mmoja ulinichukua jioni mbili. Wa mwisho ulinichukua chini ya saa moja. Chuma hiki kinalika vizuri na tupa, hakitoi makapi ya ajabu, hakina sehemu laini na sehemu ngumu, unasikia mlio uleule mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo niliposema moyoni hawa watu wanajua kutengeneza paipu. Nilikuwa na kipande cha paipu nyingine ya bei rahisi ya mazoezi, hiyo tupa ilikuwa inarukaruka.

Haya, moto. Mzee anatumia oksijini ya mtungi na gesi ya kabaidi, lile pipa lake la kuchanganyia kabaidi na maji nje ya banda, na moto wake anaujua kwa rangi na kwa sauti. Anarekebisha mpaka ule moto mdogo wa ndani unakuwa na ncha safi, haupigi kelele, hautoi masizi. Shaba ya vijiti, ile ya njano yenye zinki ndani, inataka joto la karibu nyuzi 900, chuma kinakuwa chekundu cha kuelekea chungwa. Boraksi, ule unga unaosaidia shaba kushika chuma, inatangulia, inayeyuka inakuwa kama kioo kilicholowa, hiyo ndiyo dalili kwamba sasa unaweza kugusa kijiti. Somo la kwanza alilonipa: usiyeyushe kijiti kwa moto, yeyusha kwa chuma. Yaani pasha paipu mpaka yenyewe ndiyo inakula shaba. Nililisikia nikasema sawa, lakini ilinichukua viungo kama ishirini vya mazoezi kulielewa kwa mkono. Tulitumia vipande vya fremu kuukuu na vipande vilivyobaki vya 525 yenyewe, kila kiungo tunakikata katikati kwa msumeno tunaangalia ndani, vingine tunavipiga nyundo mpaka vivunjike.

Kimoja kati ya hivyo kilinifundisha kuliko vyote. Shaba ilikataa kutembea, mimi nikazidisha moto, boraksi ikageuka nyeusi, chuma kikawa njano, mwishowe shaba ikashika na kwa nje ikaonekana nzuri tu. Tulipokipiga nyundo kikakatika, sio kwenye shaba, bali kwenye paipu pembeni ya kiungo, mkatiko mkavu wenye chembe kubwa kama sukari. Chuma kiliungua. Kingekuwa kwenye baiskeli kingekatika siku naenda kazini. Tangu hapo nikigundua boraksi imechoka nasimama, naacha ipoe, nasafisha, naanza upya, hata kama ni mara ya tatu.

Na kuna jambo moja ambalo mimi na mzee tulibishana, nalieleza kwa sababu mafundi wetu wengi wana tabia hiyo. Tulipomaliza kiungo cha kwanza cha kweli akanyoosha mkono kuchukua ndoo ya maji apooze, kama anavyofanya kwenye Phoenix kila siku. Nilipiga kelele mpaka jirani wa kuziba matairi akatoka. Chuma cha kromu na molibdenamu ukikitia maji kikiwa chekundu kinakuwa kigumu kama kioo na kinaweza kupasuka, lazima kipoe chenyewe hewani, na kama kuna upepo wa ziwa unakiziba. Mzee hakukasirika, aliuliza tu, "Sasa kikipoa polepole hakilegei?" Nikachukua vipande viwili vya mazoezi, kimoja tukakitia maji kingine tukakiacha, tukavibana kwenye jiliwa tukavikunja. Kile cha maji kililia "taa" kikapasuka. Mzee akakichukua akakiangalia muda mrefu, akakiweka kwenye rafu yake juu ya mlango, kipo mpaka leo anawaonyesha vijana wake.

Silva nilitumia sehemu ndogo tu, vishikio vya breki, vya kupitishia waya, na kola ya juu ya paipu ya kiti. Nilitumia yenye fedha asilimia 56, inayeyuka kati ya nyuzi 618 na 652, mbali sana na shaba, kwa hiyo haiharibu kazi uliyoshamaliza. Inatembea kama maji, unaona inakimbia kufuata moto, lakini inataka nafasi ndogo sana kati ya vitu viwili, ukiacha pengo haijazi kama shaba. Na boraksi ya kawaida haifai kwake kwa sababu yenyewe inachelewa kuyeyuka, inatakiwa fluksi yake maalumu yenye floraidi, ambayo moshi wake ni mbaya, fanyia nje au penye hewa inayopita. Pia uliza kabla hujanunua kama silva ina kadimiamu, ikiwa nayo achana nayo kabisa, moshi wa kadimiamu unaua. Vijiti vya kwanza nilivyouziwa na duka moja la mtandaoni vilikuja kwenye nailoni bila lebo yoyote, sikuvitumia, nikaagiza vingine kwa muuzaji mwingine vyenye karatasi ya maelezo. Na hii ya kunywa maziwa baada ya kuchomelea, wengi wetu tumeambiwa, wazee wangu maziwa ni mazuri lakini hayatoi moshi wa zinki kwenye mapafu. Hewa ndiyo dawa, na barakoa ya maana.

Kunyoosha na kupima tulifanyia kwenye kipande cha granaiti. Hapa mji wa mawe hicho hukikosi, nilienda kwa wanaokata mawe ya makabati ya jikoni, wakanipa kipande kilichovunjika pembeni cha kama mita moja na ishirini, juu kimesawazishwa vizuri kuliko meza yoyote niliyonayo. Unasimamisha fremu juu yake, unapima kila paipu iko umbali gani kutoka kwenye jiwe. Halafu ile ya uzi, unafunga kwenye ncha moja ya nyuma unauzungusha kwenye shingo ya mbele unarudi ncha ya pili, unapima nafasi kati ya uzi na paipu ya kiti pande zote mbili, zikiwa sawa uko katikati. Zangu zilitofautiana, ndipo ile milimita 3 niliyosema.

Uzi wa skrubu pale ekseli ya pedeli inapoingia ulinisumbua. Moto unaufinya kidogo na vikombe vya beringi haviingii, na upande wa cheni uzi unageuka kinyume, wengi wanasahau hilo wanaharibu. Kifaa cha kusafishia ni ghali mno kwa mtu anayejenga fremu moja, kwa hiyo nilichukua kikombe cha zamani cha chuma nikakikata mifereji mitatu kwa msumeno kiwe na meno, nikakipaka mafuta nikawa nakiingiza robo duru na kukirudisha, robo duru na kukirudisha, jioni nzima. Kilifanya kazi. Shingo ya mbele nayo iligeuka yai kidogo, ile nilimpelekea fundi wa mashine ya kuchonga, dakika kumi akanimalizia.

Sasa kuendesha. Nilipopanda mara ya kwanza, hata rangi bado, nilisimama taa za barabarani nikashusha miguu yote miwili chini. Yote miwili, nyayo zimelala! Watu waliokuwa pembeni hawakujua kwa nini nalia. Nikikata kona kiatu kiko mbali na tairi. Mikono inafika kwenye handeli bila mabega kuvutwa, nikaweka na kranki (mikono ya pedeli) fupi za milimita 160 magoti yakaacha kunipanda kifuani. Kupanda kuelekea Bugando nasukuma na mgongo haulii. Kuhusu wale wanaosema chuma kizuri kinanesanesa kama godoro, mimi sitawadanganya, ulaini mwingi unatoka kwenye tairi nene na kwenye kukaa sawasawa, lakini kwenye zile kokoto za njia ya Kisesa kuna tofauti na fremu za aluminiamu nilizowahi kupanda, haipigi kelele, haitetemeshi meno. Fremu yenyewe bila kitu ina kilo 1.9 kwenye mizani ya sokoni. Phoenix nzima ni kilo ishirini, yangu ikiwa na matairi yake yote, madigadi, keria ya nyuma na kengele, ina 12 na nusu.

Rangi alinipulizia fundi wa bodi za magari, kijani cha majani ya mgomba, nikamwomba pale kwenye viungo vitatu vya mbele aache shaba ionekane chini ya vanishi ya maji. Siku hizi kila nikiegesha kuna mtu anaulizia ile dhahabu.

Gharama kwa mnaouliza, jumla imenitoka karibu milioni moja na laki mbili, paipu, vitu vidogovidogo vya kuchomelea, silva, tupa tatu nzuri, gesi, fundi wa mashine, rangi, na nilichompa mzee ambacho alitaka kukikataa. Spea nyingine za mtumba za baiskeli zilizobaki sijazihesabu. Mizigo isafirishwe na mtu kama unaweza, paipu ndefu kabisa ni kama sentimita 65, zinaingia kwenye sanduku kubwa kwa kulaza mshazari, zifungwe kwenye kanga mbili zisipate denti, kwa sababu pale katikati hata kidole gumba chenye hasira kinaacha alama. Muda ni miezi mitano ya jioni na Jumapili.

Alama zangu: paipu tano kwa tano, jedwali lao la vipimo tano kwa tano kwa atakayelisoma kabla ya kukata, mafundisho kwa anayeanza ni mbili, kwa sababu kwenye furushi hakuna hata karatasi moja inayokwambia usitie maji, na mtu akinunua akampelekea fundi wa mtaani bila kujua hiyo ndiyo hasara itakayotokea.

Zile lagi bado ziko kabatini kwangu, zimefungwa kwenye gazeti, hazijaguswa na moto. Ni za paipu ya juu 28.6, ya chini 31.8, nyuzi 73. Kama kuna mtu wa mita 1.70 mpaka 1.80 anataka kujenga na ana paipu za saizi hizo, nitampa bure kabisa, sharti langu ni kwamba achore kwanza kwenye ubao kwa ukubwa halisi na anionyeshe, na kiungo chake cha kwanza cha mazoezi akikate katikati tukione ndani.